Chungwa haliivii kwenye gari, wageni wa Muheza mnisikie

Nyie mnaoanza biashara ya matunda mwaka huu, hasa mnaokuja Muheza kufata machungwa, kuna kitu mimi nilikilipia hela nyinyi nawapa bure. Msimu wangu wa kwanza dalali alinipeleka shamba bei nzuri mpaka nikashangaa, machungwa bado machachu, nikajiambia si yataiva njiani kama maembe, tukapakia Fuso tukavuka mpaka wa Kenya pale Horohoro hadi Mombasa, mnunuzi akapasua moja akanyonya akatema, akaniangalia tu. Mzigo nikaishia kuwauzia watu wa juisi nusu bei, wao wana sukari yao.

Sasa sikilizeni. Chungwa likishatoka mtini ndo basi, utamu umeishia hapo. Embe, ndizi, papai, parachichi unachuma limekomaa ila gumu, linaendelea kuiva lenyewe. Chungwa, ndimu na nanasi hapana. Na rangi nayo isiwachanganye, chungwa la huku pwani linaweza kuwa kijani kabisa na ndani asali, maana ule ukijani unataka usiku wa baridi ndo utoke na Tanga baridi hiyo tutaitoa wapi. Kwa wenzetu likibaki kijani wanaliwekea gesi ya ethilini ganda ligeuke, utamu hauongezeki hata chembe. Kwahiyo kabla hujatoa hela pasua uonje, tena usionje lile analokupa dalali, yeye atakuchumia la nje linalopigwa jua ambalo ndo tamu kuliko yote, we ingiza mkono ndani kwenye kivuli cha majani uchume mwenyewe.

Kwenye kuchuma, vijana wasianze na umande. Asubuhi ganda limejaa maji, ukiliminya kidogo yale mafuta yake yanapasuka, kesho unakuta madoa. Na kikonyo wakate na mkasi, wakivuta panabaki kidonda ukungu unaingilia hapohapo.

Najua wengine mnawaza meli, parachichi za Hass kutoka Lushoto kwenda nje. Sawa, ila cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, lazima, na jueni kila tunda lina baridi yake, Hass linataka kama nyuzi 5, ndizi ukiishusha chini ya 13 ganda linakuwa la kijivu na haliivi vizuri tena, kwahiyo usije ukachanganya kwenye kontena moja ukadhani umebana matumizi. Halafu kuna nzi wa matunda yule wa kutoka Asia, alionekana huku kwetu Afrika Mashariki 2003, funza mmoja tu kwenye embe huko Ulaya mzigo wote unazuiwa.

Kinachonichekesha ni pera. Watu wanasifia chungwa kwa vitamini C, lina kama miligramu 50 kwenye gramu 100, pera lina zaidi ya 200, na bado linaozea chini ya mti watoto wanalikanyaga. Shida yake ngozi laini, siku mbili tatu limelegea, nani atalipakia melini? Mimi sa hivi mapera nachuma alfajiri nawapelekea wa juisi Tanga mjini, mpaka jioni ndoo tupu.