Wasomaji Wanauliza: Nihamie Nchi Gani?

Barua za safari hii zote zinahusu kuhama nchi. Kanuni za uhamiaji hubadilika mara kwa mara, nyingine katikati ya mwaka, kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote fungua tovuti ya serikali ya nchi unayoitaka ulinganishe na haya tunayoyaeleza.

Nina miaka 34, ni fundi umeme mwenye cheti cha mafunzo ya miaka mitatu, na nimefanya kazi miaka minane mfululizo. Ninawaza Kanada, Ujerumani na Dubai. Kila ninayemuuliza ana nchi yake. Ipi ni bora?

Swali la "ipi ni bora" ndilo linalokukwamisha. Jiulize hivi: kwa cheti nilicho nacho, umri nilio nao na lugha ninazozijua, ni nchi gani ina kibali kinachonihusu mimi, na kibali hicho kitanifikisha wapi baada ya miaka mitano? Nchi zako tatu zinajibu kwa namna tatu tofauti kabisa.

Katika Falme za Kiarabu kibali cha kuishi kimeshikana na mwajiri. Kazi ikiisha, kibali hufutwa, nawe hupewa muda mfupi wa kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Hakuna ngazi ya kawaida inayompandisha fundi hadi ukaazi wa kudumu kwa kuwa tu amekaa miaka mingi. Viza ya dhahabu ya miaka 10, iliyoanza mwaka 2019, inawalenga wawekezaji, wataalamu wa mishahara mikubwa na watu wenye vipaji maalumu. Kwa upande mwingine, mshahara haukatwi kodi ya mapato. Dubai basi ni mahali pa kuchuma na kuweka akiba. Ukienda, nenda na kiasi unachokusudia kukusanya na mwaka wa kuondoka, vyote umeviandika.

Ujerumani ina kadi ya kutafuta kazi iitwayo Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Masharti ya mwanzo ni mafunzo ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea, Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha za Ulaya huanza A1, ya chini kabisa, hadi C2), na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Kwa mwaka 2025 zilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi, na kwa kawaida huwekwa kwenye akaunti maalumu ya benki inayokuruhusu kutoa kiasi kile kile kila mwezi. Cheti cha ufundi huhitaji pia barua ya uthibitisho kutoka ZAB, ofisi ya Ujerumani inayotathmini vyeti vya nje. Baada ya hapo unahitaji alama 6. Wewe hesabu yako ni hii: umri usiozidi miaka 35, alama 2, uzoefu wa miaka 5 ndani ya 7 iliyopita, alama 3. Jumla 5. Kijerumani cha A2 kinakuongezea 1, umefika. Lakini angalia kalenda: ukivuka umri huo, zile alama 2 hushuka kuwa 1, na utalazimika kufika B1 ili kuziba pengo.

Sisi tungekushauri ufike B1 hata kama kanuni haikulazimishi. Kadi ni ya mwaka mmoja na inaruhusu kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati unatafuta ajira kamili. Wanaofika na A2 huumaliza mwaka huo darasani, kwa sababu maelekezo ya usalama na michoro ya nyaya viko kwa Kijerumani, na hakuna msimamizi atakayemkabidhi swichibodi mtu asiyeelewa anachoambiwa. Jambo la pili ni kutambuliwa kwa cheti chako. Kwa ufundi wa umeme hushughulikiwa na chemba ya mafundi, Handwerkskammer, au na IHK FOSA, ofisi ya chemba za biashara na viwanda, kutegemea aina ya mafunzo. Anza ungali nyumbani. Ukishapata kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi, ukaazi wa kudumu unaweza kuombwa baada ya miaka 3, na uraia baada ya miaka 5.

Kanada ina mpango wa mafundi ndani ya Express Entry, mfumo wake wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama. Inataka uzoefu wa miaka 2 ndani ya 5 iliyopita, lugha ya ngazi ya CLB 5 (CLB ni kipimo cha lugha cha Kanada) kwa kuzungumza na kusikiliza na CLB 4 kwa kusoma na kuandika, pamoja na ama ahadi halali ya ajira ya mwaka mzima, ama cheti cha ufundi cha jimbo la Kanada. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, maana ni vigumu kupata cheti cha jimbo bila kufanyiwa tathmini na jimbo lenyewe. Uzuri wake ni kwamba anayepita huingia nchini akiwa tayari mkaazi wa kudumu. Kwa hali yako, Ujerumani ndiyo iliyo karibu zaidi. Jiandikishe darasa la lugha mwezi huu.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 43. Je, nimechelewa?

Kwa baadhi ya njia, ndiyo. Australia haimwaliki mtu aliyefikisha miaka 45 kwenye viza zake za alama, za namba 189, 190 na 491, kwa hiyo huko umebakiwa na muda mdogo sana. Kanada haina kikomo, ila inaadhibu umri kimyakimya: mwombaji asiye na mwenza mwenye miaka 20 hadi 29 hupata alama 110 za umri, wa miaka 43 hupata 17, na ukifika 45 hupati kitu. Pengo hilo hulipwa kwa lugha. Alama ya juu kabisa ya Kiingereza, ukiongeza na Kifaransa, hurudisha sehemu kubwa ya ulichopoteza.

Uingereza na Ujerumani humtazama muuguzi kwa leseni yake kwanza. Uingereza, baraza la wauguzi na wakunga, NMC, linataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS ya kitaaluma wenye 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kisha mtihani wa maarifa ya uuguzi unaofanywa kwa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo uitwao OSCE, unaofanyika Uingereza kwenyewe. Ujerumani huhitaji Kijerumani cha B2 kwa kawaida, na kama mtaala wako una mapengo, utachagua kozi ya kujazia au mtihani wa maarifa. Wenye zaidi ya miaka 45 wanaoajiriwa huko kwa mara ya kwanza huulizwa pia mshahara wa kiwango fulani au akiba ya uzeeni ya kutosha.

Na ipigie hesabu pensheni, jambo ambalo watu wa umri wako hulisahau. Uingereza haitoi pensheni ya serikali kwa mwenye chini ya miaka 10 ya michango. Ujerumani kiwango cha chini ni miaka 5.

Wakala ananiuzia hati ya udhamini ya kazi ya kulea wazee Uingereza. Anataka nusu ya pesa kwanza. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Usilipe. Tangu tarehe 22 Julai 2025 njia ya kazi ya ulezi imefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza. Hata kabla ya hapo, hati ya udhamini haikuwa bidhaa ya kuuzwa: hutolewa na mwajiri mwenye leseni, na serikali huchapisha orodha ya waajiri hao mtandaoni, yeyote anaweza kuifungua. Mwenye kazi asiyekuwemo kwenye orodha hawezi kukudhamini. Aliyemo akikuuzia hati, anahatarisha leseni yake, na ikifutwa wewe ndiye utakayebaki na muda mfupi wa kutafuta mwingine.

Hatari kubwa zaidi ni karatasi za uongo zilizowekwa kwa jina lako. Anayebainika kudanganya anaweza kufungiwa miaka 10 Uingereza na miaka 5 Kanada, na "wakala ndiye aliyejaza fomu" si utetezi. Soma kila ukurasa kabla ya kutia sahihi, na chukua nakala.

Je, niende kwanza kama mtalii nijionee?

Nenda, lakini usiende ukitegemea kubaki. Katika nchi nyingi viza ya utalii haigeuzwi kuwa kibali cha kazi ukiwa humo humo. Eneo la Schengen linakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na nchi zake zote huhesabiwa kama moja. Kutoka Ufaransa kuingia Italia hakuanzishi hesabu upya.

Chagua mwezi mbaya. Helsinki mwishoni mwa Desemba ina mwanga wa jua kwa muda usiofika saa sita, na kuna watu ambao giza hilo huwavunja moyo kuliko baridi yenyewe. Ghuba iende Julai au Agosti. Ukifika, panga chumba mtaa ambao mshahara wako wa mwanzo ungeumudu, mbali na vivutio. Jumatatu asubuhi panda basi au treni ya kwenda kazini saa moja kamili. Nenda kuangalia nyumba tatu za kupanga na uulize kila mwenye nyumba anataka nyaraka gani kutoka kwa mgeni, kwa sababu wengi hutaka hati za mshahara za miezi mitatu ambazo mgeni hana. Uliza pia amana. Ujerumani sheria haimruhusu mwenye nyumba kuvuka kodi ya miezi 3 bila gharama za joto na maji. England, kwa nyumba nyingi, ni kodi ya wiki 5.

Nianze na karatasi ipi? Nimeambiwa niandae zote mara moja.

Ukiandaa zote mara moja, nusu zitakwisha muda kabla hujazitumia. Anza na jina. Linganisha pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na cheti cha ndoa, herufi kwa herufi. Jina la tatu likiwemo kwenye kimoja na kukosekana kwenye kingine, rekebisha sasa au pata hati ya kiapo, maana hitilafu hii husimamisha maombi mengi ambayo kila kitu kingine kiko sawa.

Kisha yanayochukua muda mrefu: chuo kutuma matokeo moja kwa moja kwa taasisi ya tathmini. Bahasha iliyofunguliwa na mwombaji hukataliwa. Kwa Kanada, tathmini hiyo ya elimu hudumu miaka 5, wakati mtihani wa lugha hudumu miaka 2 tu. Ndiyo sababu tathmini inatangulia. Wakati unasubiri, omba barua za waajiri wa zamani kabla kampuni hazijafungwa na mabosi hawajahama. Barua iwe na nembo, sahihi, cheo, tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara na majukumu yako hasa. Barua inayosema tu "alikuwa mfanyakazi mwaminifu" haina thamani yoyote hapa.

Fedha nazo zina historia. Kanada hutaka kuona wastani wa salio la miezi 6. Mkopo ulioingizwa kwenye akaunti wiki iliyopita huonekana mara moja.

Cheti cha polisi na uchunguzi wa afya viwe vya mwisho. Cheti cha kifua kikuu kwa viza ya Uingereza hudumu miezi 6, na vyeti vya polisi mara nyingi huhesabiwa kwa miezi pia. Ulishaishi nchi nyingine? Kanada itataka cheti cha polisi cha kila nchi ulikokaa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10. Mwisho, uliza kama nchi yako na unakokwenda zote zimo kwenye Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, unaorahisisha nyaraka za nchi moja kukubaliwa nchi nyingine. Zikiwemo, muhuri wa apostile unatosha. Vinginevyo nyaraka zipitie wizara na ubalozi, na hilo huongeza wiki kadhaa.

Ninafanya kazi kwa intaneti, mwajiri hajali nilipo. Nihitaji kibali cha kazi cha nini?

Kwa sababu kufanya kazi ukiwa mtalii, hata kwenye kompyuta yako mwenyewe, nchi nyingi hazikuruhusu. Kuna viza maalumu, ila zinatofautiana mno. Ya Estonia, iliyoanza mwaka 2020, ni ya mwaka mmoja na haikupeleki kwenye ukaazi. Ya Uhispania huweza kuhuishwa, na miaka yake huhesabiwa kuelekea ukaazi wa kudumu. Kwa anayetaka kutulia, tofauti hiyo inazidi ya hali ya hewa. Nchi nyingi pia hukuhesabu mkaazi wa kodi ukizidisha siku 183 kwa mwaka, kwa hiyo mwulize mwajiri kabla ya kufunga mizigo: wapo wasioruhusu hata mwezi mmoja.

Nikichukua uraia wa huko, nitapoteza wangu?

Inategemea sheria mbili, wala si moja. Ujerumani, tangu tarehe 27 Juni 2024, haikulazimishi kuukana uraia wa zamani. Lakini nchi yako inaweza kukufuta yenyewe: India, Singapore, Japani na Tanzania ni miongoni mwa zisizoruhusu uraia pacha kwa watu wazima kwa utaratibu wa kawaida. Kabla ya kuapa, tafuta majibu ya maandishi kuhusu ardhi, urithi na haki ya watoto wako kurudi kuishi. Ikiwa huko kuna mali usiyotaka kuiweka hatarini, ukaazi wa kudumu bila uraia unatosha kwa mengi, mradi utimize siku za kukaa. Kanada, kwa mfano, hudai siku 730 ndani ya kila miaka 5. Tunza mihuri yote ya pasipoti na tiketi za ndege. Utakapohuisha kadi yako, ndizo zitakazothibitisha siku hizo.