Uvimbe wa mapafu au inflamesheni?

SWALI: Natafsiri makala ya sayansi. Sentensi moja nimeiweka hivi: "Seli za tishu ya mapafu huzuia uvimbe na majibu ya kinga." Rafiki yangu aliisoma akadhani nazungumzia saratani. Nimekosea wapi?

JIBU: Rafiki yako hana kosa. Ukimwambia mtu ana uvimbe kwenye pafu, kinachomjia akilini ni donge, na donge likishatajwa, saratani haiko mbali. Neno hilo hufaa pale kitu kinapovimba kikaonekana: fizi, jeraha, kifundo kilichoteguka. Mwandishi Mrumi Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita, alitaja dalili nne za inflamesheni, yaani hali ya mwili kujikinga unapoumia au kuingiwa na vijidudu: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe ni mmoja wa ndugu wanne, nasi tumempa jina la ukoo mzima. Mimi huandika "inflamesheni", nikaieleza inapotokea mara ya kwanza, basi. Wapo wanaopenda "mwako", na kweli asili ya neno la Kilatini ni kuwasha moto, lakini ukiandika "mwako wa mapafu" msomaji atauliza nani kashika kiberiti.

"Majibu" nayo yana mwenyewe: ni yale yanayotoka maabara. Mwili haujibu swali, huitikia. Andika "mwitikio wa kinga".

Ila kosa kubwa ni "huzuia". Zitazame seli zilizotanda ndani ya vifuko vya hewa. Siku ya kawaida hubeba juu yake protini ambayo, ikigusana na makrofaji (zile seli zinazomeza vumbi na vijidudu), huziambia zitulie. Kila pumzi huja na vumbi. Makrofaji zingepandisha mori kwa kila chembe, vifuko hivyo vingejaa majimaji, na ukuta wake, mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, usingepitisha hewa kwenda kwenye damu. Sasa virusi viingie viziue baadhi ya seli hizo. Protini ya kutuliza hupotea pamoja nazo, makrofaji huamka, na seli zilizobaki hutoa sitokini (protini ambazo seli hupelekeana ujumbe kwazo) kuita chembe nyeupe za damu zije kusaidia.

Kwa hiyo seli zilezile hutuliza na huchochea. "Huzuia" imeshika nusu ya habari. "Hudhibiti" inabeba yote: anayedhibiti gari hukanyaga breki, na mafuta pia.

Sentensi yako basi isomeke: "Seli za tishu ya mapafu hudhibiti inflamesheni na mwitikio wa kinga." Usishawishike kuifuta "tishu" ili kufupisha. Ukiandika "seli za mapafu" tu, makrofaji nazo zimo, kwa kuwa zinaishi humohumo, na makala yako inataka kuzitenganisha na seli zinazojenga pafu lenyewe.