Minyoo Wenye Meno: Mmeuliza, Najibu

Wiki iliyopita niligusia Pristionchus pacificus, kamnyoo ka kama milimita moja hivi kanakouma na kula minyoo wenzie. Sikutegemea maswali yatakuwa mengi hivi, wengine mmetuma mpaka voisi. Haya, tuanze.

Mkulima wa nyanya, Ilula: Kaka, huyo mla minyoo anapatikana wapi? Minyoo fundo wamenimalizia shamba.

Pole sana ndugu yangu, ila sitakudanganya, huyu hatakusaidia. Minyoo fundo akishaingia kwenye mzizi anatulia humo humo, anavimba, anataga, kwahiyo hata umwage ndoo nzima ya wenye meno hawamfikii. Alafu huyu wangu makazi yake hasa ni mbawakawa, anamdandia akiwa mzima, hali kitu, anasubiri tu afe, mzoga ukianza kuoza ndo anaamka anakula bakteria na minyoo wengine waliokuja kugombania. Na wale minyoo wanaouzwa kama dawa, wengi ni wa kuua wadudu, sio hawa. Wewe ukishavuna ng'oa mashina na mizizi yote uchome, usiyaache shambani, na msimu ujao ulizia mbegu inayovumilia minyoo fundo.

Kidato cha sita, Tukuyu: Ulisema wengine wana jino moja na mdomo mwembamba, wengine meno mawili na mdomo mpana. Hizo si spishi mbili? Mwalimu wetu anasema haiwezekani iwe moja.

Msalimie mwalimu, ila ni spishi moja, tena mama mmoja. Na hapa ndo patamu.

Wengi wa hawa minyoo wana jinsia zote mbili, mmoja anajitungisha mwenyewe, kwahiyo watoto wake wanakuwa na jeni zilezile karibu zote, na bado huyu anatoka mla bakteria mpole, ndugu yake anatoka muuaji. Timu ya mtafiti Ralf Sommer kule Tübingen, Ujerumani, imemfuatilia huyu mnyoo tangu miaka ya 90, na mwaka 2013 wakatangaza jeni inayoamua, wameiita eud-1. Ukiiharibu, wote wanatoka na mdomo mwembamba. Ukiiongeza, wote wanatoka na meno mawili. Yani kinachoamua ni jeni hiyo inafanya kazi kwa kiasi gani wakati mnyoo anakua, na kwa kuwa iko kwenye kromosomu X, madume wenye X moja tu wanaangukia zaidi upande wa mdomo mwembamba.

Mazingira nayo yanaisukuma. Wafuge kwenye maji yanayotikiswa, wengi wanatoka wapole, wafuge kwenye sahani ya agari, ile jeli ya maabara, wanatoka wakali, na wakibanana sana zile kemikali wanazotoa wenyewe zinawasukuma kwenye meno mawili, maana msongamano ni dalili kwamba chakula kitagombaniwa. Akishakuwa mkubwa ndo basi, habadiliki tena.

Utauliza kwa nini wasizaliwe wote na meno. Mwenye mdomo mwembamba anawahi kidogo kukomaa, na pale bakteria wakiwa wa kumwaga, kuwahi ni faida kuliko jino.

Dereva boda, Mwanjelwa: Sasa si anakula mpaka watoto wake?

Hapana bosi, na sababu yake imejulikana 2019. Kuna jeni inaitwa self-1, inatengeneza protini fupi kwenye ngozi ambayo mkia wake unatofautiana ukoo kwa ukoo, kama namba ya NIDA vile. Kiungo kimoja tu cha mkia wa hiyo protini kikibadilika, ndugu anang'atwa kama mgeni.

Lakini kuna binamu yake, Allodiplogaster sudhausi, huyo hana aibu. Ukimlisha ukungu ule wa kutengenezea jibini, Penicillium camemberti, anatoa umbo la tatu la mdomo, kubwa kweli, na hapo anakula mpaka ndugu zake. Mi huyu ananitisha kuliko simba.

Mwalimu, Njombe: Meno yametoka wapi kwenye ukoo wao?

Mwalimu, C. elegans, yule mnyoo maarufu wa maabara, na jamaa zake wana kisagio kooni cha kupondea bakteria. Ukoo wa Pristionchus ulipoteza kisagio ukapata meno, na humo humo ukapata huo uwezo wa maumbo mawili. Wapo waliobaki na umbo moja, na wapo walioongeza, maana kwenye tini za kisiwa cha Réunion kuna Pristionchus borbonicus mwenye maumbo matano ya mdomo ndani ya spishi hiyo moja!

Mama wa mboga, Mafinga: Anaingia kwa binadamu?

Hapana mama, wala usiwaze.

Msomaji, Uyole: Nawezaje kumuona?

Maabara wanampasua mbawakawa katikati wanamweka kwenye sahani ya agari yenye bakteria, wanaacha aoze siku kadhaa, minyoo wanatoka wenyewe. Nawe jaribu na mbawakawa wanaodondoka chini ya taa usiku mvua zikianza, ila uwe na darubini, bila hiyo utaishia kunusa mzoga tu.