Maswali na Majibu: Dundu Wanaokula Mawaridi

Mvua zikianza tu, maswali ya bustani yanageuka yote kuwa ya wadudu. Safari hii tumekusanya ya mawaridi, kuanzia Tabata hadi Kigamboni. Waulizaji wengi walikuwa wameshanunua dawa kabla hawajamwona mdudu mwenyewe, na hilo limetulazimisha kuanza na tochi badala ya chupa.

Majani ya mawaridi yangu yametobolewa yakabaki mishipa mitupu, kama neti. Mchana simwoni mdudu yeyote. Nimetafuta kwenye simu nikaona picha ya dundu wa Japani, wa kijani mwenye mgongo wa rangi ya shaba. Ndiye huyu? Nipulize nini? (Tabata)

Siye. Dundu wa Japani, *Popillia japonica*, anasumbua Marekani, ambako alionekana mara ya kwanza mwaka 1916 katika jimbo la New Jersey. Italia bara aligunduliwa mwaka 2014, na Uswisi mwaka 2017. Huku kwetu si mdudu wa bustani. Isitoshe, yeye hula mchana kweupe tena kwa makundi, kwa hiyo ungemwona. Ana alama: vishungi vitano vya manyoya meupe kila ubavu, na viwili zaidi nyuma. Dundu wa kijani anayeng'aa ukimkuta Dar bila vishungi hivyo, huyo ni mwingine, na mara nyingi amefuata maua, hana shida na majani.

Mla majani wako anakula usiku. Wanaoshukiwa kwanza ni dundu wa jamii ya *Adoretus*: kahawia, urefu wa sentimita moja hivi, vinyweleo vya kijivu mwilini, hana mng'ao wowote. Mchana anajificha kwenye udongo chini ya mche au ndani ya majani makavu. Giza likiingia anapanda.

Toka na tochi kati ya saa moja na saa mbili usiku. Chukua ndoo ndogo yenye lita mbili tatu za maji na kijiko cha sabuni ya maji. Usimvamie mdudu kwa vidole, maana akishtuka anajiachia na kudondoka, na kwenye udongo mweusi humpati tena. Weka ndoo chini ya tawi kwanza, halafu gonga tawi. Sabuni ina kazi: bila hiyo dundu anaelea, anajipanga na kuruka, ikiwepo, anazama. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki moja. Kwa miche isiyozidi ishirini hakuna dawa itakayokupa matokeo mazuri kuliko hayo.

Asubuhi ondoa majani makavu yaliyolala chini ya miche. Majani yaliyoliwa yaache kwenye tawi: hata yakiwa na matundu bado yanatengeneza chakula, na mche wenye afya unavumilia kupoteza sehemu ya majani yake. Kukata yote kwa hasira ni kumsaidia dundu kazi.

Kama kuna taa nyeupe ya ukutani juu ya mawaridi, izime saa hizo au weka balbu ya mwanga wa njano. Dundu wengi wa usiku wanavutwa na taa nyeupe, wanagonga ukuta na kuangukia palepale penye chakula.

Kuna mitego ya dundu wa Japani inauzwa mtandaoni, mfuko na chambo. Niagize? (Mbezi Beach)

Usiagize. Chambo hicho kina vitu viwili: harufu ya dundu jike wa Kijapani, na harufu tamu ya maua. Ya kwanza haimhusu dundu wa Dar hata kidogo. Ya pili inaweza kukuletea wadudu ambao hawakuwa na safari ya kwako. Hata Marekani kwenyewe watafiti walikuta mitego hiyo inaita dundu wengi kuliko inaowakamata, na mimea iliyo karibu inaliwa zaidi.

Kadhalika ule unga wa bakteria wa kumwaga ardhini: umelenga funza wa dundu huyohuyo, na kuingiza nchini viumbe vya namna hiyo kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Hela hiyo nunua tochi nzuri.

Shikamoo. Mimi kwangu majani ni mazima, yanayoliwa ni maua. Mdudu ni mweusi mwenye mistari ya njano, anakula mchana bila woga. Mwanangu alimshika, jioni akatoka lengelenge kidoleni. (Mbagala)

Marahaba. Huyo ni dundu malengelenge. Majimaji yake yana sumu inayobabua ngozi, na ndiyo maana anatembea mchana bila woga: ndege wengi hawamgusi. Mkono uoshwe kwa maji mengi na sabuni, lengelenge lisitumbuliwe. Majimaji yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi na uende kituo cha afya bila kungoja kesho.

Kumwondoa ni rahisi kwa sababu ni mzito na mvivu. Vaa glovu za mpira, mgonge aangukie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Asipondwe kwa mkono wala kwa mguu mtupu. Kuku, mbuzi na punda wasipewe hao dundu, wakiwa hai au wamekufa. Anapenda sana maua yaliyokwisha funguka, na rangi za njano na nyeupe huliwa mapema, kwa hiyo kata maua yakiwa yameanza tu kulegea na uyaweke ndani kwenye chombo.

Ila usitangaze vita ya kummaliza. Funza wa wengi wa jamii hii hula mayai ya panzi ardhini, na panzi nao si marafiki wa bustani.

Majani yangu yamekatwa vipande vya mviringo pembeni, safi kabisa kana kwamba mtu ametumia mkasi. (Upanga)

Ni nyuki mkata majani. Hali jani, anachukua kipande kwenda kujengea kiota cha watoto wake. Kwa vile hamezi chochote, dawa ya majani haimzuii, na ukimuua umepoteza mchavushaji wa mboga za mtaa mzima. Mwache. Baada ya wiki chache anamaliza.

Nina mwarobaini uani. Nitumie majani au mbegu? Na majivu je? Jirani anasema sabuni peke yake inatosha. (Sinza)

Mbegu. Majani yana nguvu, lakini kidogo. Okota tunda lililoiva, menya nyama, osha kokwa na uzianike kivulini mpaka zikauke vizuri. Tunza kwenye kapu au mfuko wa kitambaa. Kwenye plastiki zinaota ukungu, na zilizoota ukungu tupa.

Kwa lita moja ya maji tumia gramu 50 za kiini kilichotwangwa. Kwa hiyo kinyunyizio cha lita tano kinataka gramu 250, mwombe mwenye duka akupimie. Loweka kuanzia jioni hadi asubuhi, koroga, chuja kwa kitambaa mara mbili (makapi ndiyo yanayoziba pua ya bomba, halafu mtu anasema bomba bovu), kisha weka kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isaidie dawa kushika jani. Puliza siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, juu na chini ya jani. Ukipuliza mchana, jua la Dar linaivunja nguvu haraka. Rudia kila baada ya siku saba, na kila mvua kubwa ikinyesha.

Usitegemee kukuta maiti asubuhi. Mwarobaini humfanya dundu asipende kula. Mkubwa atahama, hatakufa. Anayetaka kuona mdudu akidondoka palepale ataona dawa haifanyi kazi na ataiacha siku ya pili.

Sabuni peke yake, kijiko cha chai kwa lita, inaua wadudu laini kama vidukari na utitiri, tena ikiwagusa tu. Dundu ana gamba, haimtishi. Usitumie sabuni ya unga, inaunguza majani. Jaribu kwenye majani machache kwanza, ungoje mpaka kesho yake.

Majivu tuyaache. Mvua moja yameondoka, na yakishuka udongoni yanaongeza ukali wa chokaa ambao maeneo mengi ya karibu na bahari tayari yanao. Waridi hupenda udongo wenye asidi kidogo, pH 6 hadi 6.5. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, ni dalili ya madini chuma kukwama kwenye udongo wa chokaa, na majivu yatazidisha.

Nimefukua samadi niliyonunua nikakuta funza wakubwa weupe waliojikunja. Hawa si ndio wanakula mizizi? Na usiku anaingia ndani dundu mweusi mwenye pembe, mkubwa kama kidole gumba. (Kigamboni)

Funza weupe waliojikunja ni watoto wa dundu, lakini si wote wakosaji. Waweke juu ya sakafu laini, bati au sahani, uwatazame kwa dakika mbili.

Anayejinyoosha, akageuka chali na kutambaa kwa mgongo miguu ikiwa juu ni funza wa dundu wala maua. Anakula vitu vilivyooza tu, anakusagia mboji. Mrudishe kwenye rundo, ila usimpeleke kwenye chungu, maana chungu hakina mboji ya kumtosha na akikua atakuja kula petali.

Anayebaki ubavu, akajikunja au akajikokota kwa miguu, huyo anaweza kuwa mla mizizi. Mtoe.

Aliye mkubwa kabisa, mnene kuliko kidole, mwenye kichwa cha kahawia iliyokolea, mara nyingi ni mtoto wa chonga. Chonga ndiye huyo mwenye pembe anayeingia kwako usiku. Hana habari na waridi. Anatoboa kilele cha mnazi, na funza wake hukua kwenye magogo ya minazi iliyooza na kwenye marundo ya samadi. Muue kwa ajili ya minazi ya jirani, na gogo la mnazi lililolala uani lipasuliwe au lichomwe.

Kwa samadi, usiinunue mbichi. Ngoja iwe nyeusi, isiyonuka, inayovunjika mkononi, kisha ipitishe kwenye chekeche la mchanga. Funza wote wanabaki juu. Ukiwa na kuku waite, mradi miche iko mbali, kwa sababu kuku akishajua kuna funza atafukua na mizizi.

Dalili za mla mizizi kwenye chungu ni hizi: mche unanyauka ingawa udongo una maji, na ukiutikisa unacheza kama jino linalotaka kutoka. Usiongeze maji. Toa mche wote, kung'uta udongo, hesabu funza, kata mizizi iliyooza, panda upya kwenye udongo safi na punguza matawi kwa theluthi moja ili mizizi iliyobaki isizidiwe. Uweke kivulini wiki mbili.

Nilinunua dawa kali, nimepuliza kila wiki. Dundu wamepungua lakini sasa majani yana vidoti vya njano na utando chini yake. Niongeze kipimo? (Mikocheni)

Hapana, acha kabisa. Hao ni utitiri mwekundu, na dawa ndiyo iliyowaleta. Dawa nyingi za dundu madukani ni za kundi la pairethroidi. Zinaua wadudu wadogo waliokuwa wakila utitiri, huku utitiri wenyewe haziwamalizi. Kwa joto letu kizazi kipya kinapatikana ndani ya wiki moja hivi.

Chukua mpira wa maji, piga chini ya majani kwa nguvu kila baada ya siku moja, kwa wiki mbili. Fanya asubuhi, jani likauke kabla ya jioni; jani linalolala na maji linapata madoa meusi. Baada ya hapo sabuni kwa kipimo tulichotaja. Salfa inafaa, lakini joto likipita nyuzi 30 inaunguza majani, na isikutane na mafuta ya mwarobaini ndani ya wiki mbili.

Siku utakapolazimika kutumia dawa ya dukani, nunua iliyofungwa, yenye lebo na namba ya usajili, siyo ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji. Lebo ikisema mililita 20 kwa lita 20, basi lita moja inataka mililita moja. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, ambalo halitatumika kwa kitu kingine tena. Kifuniko cha chupa si kipimo. Puliza jioni nyuki wakishalala, na maua yaliyofunguka usiyaguse.

Harusi ya mdogo wangu ni baada ya miezi miwili. Tunataka mawaridi ya nyumbani kwa vikuba na kutandaza chumbani. Nifanyeje yasiliwe? (Temeke)

Kuanzia leo hakuna sumu kwenye miche hiyo, hata moja. Petali zitakaa kwenye ngozi na nywele za bi harusi usiku kucha. Kama ulishatumia dawa ya kumwaga kwenye mizizi, miche hiyo iache, tumia mingine, kwani dawa hiyo inapanda hadi kwenye ua na kukaa muda mrefu.

Kata matawi wiki sita au saba kabla ya siku yenyewe, juu ya chipukizi linalotazama nje. Usikate miche yote siku moja. Igawe mara tatu, kila mara ziachane siku nne, ili maua yasifunguke yote mapema.

Tumba zikianza kuonyesha rangi, funika kila mche kwa neti ya pazia jipya, ile nyepesi ya Kariakoo. Usitumie chandarua chenye dawa. Chomeka fito tatu neti isiguse maua, kwa sababu dundu hula hata akiwa nje ya neti ikiwa petali imeilalia. Funga chini kwa kamba kwenye shina. Kabla ya kufunika kwa mara ya kwanza kwangua udongo wa juu chini ya mche na uondoe waliojificha, la sivyo umewafungia ndani na chakula chao. Kama anayekula maua kwako ni wa mchana, neti ikae mchana pia. Kama ni wa usiku, funika saa kumi na mbili jioni na funua asubuhi, kwani unyevu wa pwani ukikosa upepo unaozesha tumba.

Chuma alfajiri ya siku ya harusi, ua likiwa limefunguka nusu. Ling'ute kichwa chini, kisha liweke kwenye ndoo ya maji mahali penye kivuli mpaka wafungaji wa vikuba wafike.