Kutoka Retina hadi Nyota

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fizikia na kazi yangu ni kupiga picha za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa optiki ya kujirekebisha, yaani mbinu ya kusahihisha papo hapo mwanga uliovurugika. Natamani kuhamia astronomia. Je, miaka niliyoitumia kwenye jicho itakuwa imepotea?

JIBU: Haitapotea, ndugu msomaji, kwani mbinu hiyo iliazimwa kutoka kwa wanaastronomia wenyewe. Aliyewahi kumtazama mwenzake ng'ambo ya jiko la mkaa lililokolea, akaona uso wake ukichezacheza, amekwisha kuliona tatizo la darubini. Na mwaka 1953 Mmarekani Horace Babcock ndiye aliyependekeza kwamba mvurugo huo wa hewa upimwe na kusahihishwa papo hapo. Wataalamu wa macho walifuata baadaye sana. Mwaka 1997 Junzhong Liang, David Williams na Donald Miller, wa Chuo Kikuu cha Rochester, walitumia kioo kinachopindwa na visukumizi 37 kuondoa kasoro za konea (utando angavu wa mbele ya jicho) na lenzi, hata seli moja moja za retina zikaonekana katika jicho la mtu aliye hai. Kituo cha optiki hiyo kilichoanzishwa Santa Cruz, California, mwaka 1999 kiliwakutanisha watu wa fani zote mbili.

Kwenye darubini utakuta kipima mawimbi ya mwanga, kompyuta na kioo kinachopindika, kama ulivyozoea. Kinachokusubiri ni kasi: jicho hubadilika polepole kiasi, ilhali angahewa hudai masahihisho mamia ya mara, pengine elfu moja, kwa sekunde. Kwa hiyo soma nadharia ya udhibiti, yaani hesabu za kuufanya mfumo ujisahihishe kwa wakati, kabla ya kuongeza somo lolote la lenzi. Nadhani hapo ndipo penye pengo lako. Tena, wewe hutuma leza hafifu jichoni ukapima mwanga unaorudi, lakini nyota angavu ya kupimia mvurugo haipatikani kila upande wa anga, ndiyo maana leza hurushwa hadi kimo cha kilomita 90 hivi, ambako atomi za sodiamu hung'aa zikawa nyota ya bandia. Mwanaastronomia Mmarekani Andrea Ghez, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2020, alitumia mbinu hizi kwenye darubini za Keck, Hawaii, kufuatilia nyota zinazozunguka kitovu cha galaksi yetu.

Mtu unayempima leo huuma kishikizo cha meno ili kichwa kitulie, na akitikisika mnarudia. Usiku wa darubini ukifunikwa na mawingu, huenda ukasubiri miezi kadhaa kupata mwingine.