Uliza Ujibiwe: Tupo wanane, siku tano njiani, na kila mtu ana spidi yake

SWALI: Shikamoo kaka. Tupo wanane, wanaume watano na wanawake watatu, na likizo ijayo tumepanga kuendesha baiskeli siku tano mfululizo huko mashambani, tupite milimani, mtoni, vijijini, tulale njiani. Mmoja wetu kachora njia kwenye simu ikatoka kilomita 400, akagawa kwa tano ikawa 80 kila siku, akasema ratiba imeisha hiyo. Ila kuna wawili hawajawahi kuvuka kilomita 40 kwa siku, na nikisema wataumia naambiwa watazoea huko huko. Je, ni kweli watazoea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, hawatazoea huko huko. Mwili unajenga nguvu ya safari kwa wiki kadhaa, unauchosha, unaupumzisha, unauchosha tena. Ukiuchosha siku tano bila mapumziko ya maana uchovu unalimbikizana tu, wa jumatatu unaukuta jumanne, wa jumanne unaukuta jumatano, na siku ya tatu ndo hapo mtu anakaa chini kwenye nyasi anakwambia nyie nendeni mimi niacheni. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja na kila mara chanzo ni hicho hicho, kuchukua jumla ya kilomita na kugawa kwa siku kama mnagawana korosho.

Kosa la kwanza la hiyo hesabu ni kwamba inahesabu urefu wa njia na kusahau mlima. Mmesema wenyewe mnapita milimani, sasa fungua hiyo programu ya ramani uangalie kila siku ina jumla ya mita ngapi za kupanda, karibu zote zinaonyesha. Kilomita 80 zenye mita 300 za kupanda ni siku ya raha, mnafika mnapiga stori. Kilomita 80 hizo hizo zikiwa na mita 1200 za kupanda ni kitu kingine kabisa. Chukua mtu wa kawaida, yeye na baiskeli na mabegi yake wanafika kilo 100, kwenye mlima wa asilimia 8 (kila ukisogea mita 100 unapanda mita 8) atakuwa anakwenda kama kilomita 7 kwa saa, na hapo anatoa jasho kweli. Mita 1200 za mlima wa hivyo ni kilomita 15 za kupanda, saa mbili na kitu za kunyonga gia nyepesi. Ongeza zile 65 zilizobaki kwa spidi ya 18 hivi, saa tatu na nusu nyingine. Umeshafika karibu saa sita za kukaa kwenye siti tu, hujaweka kula, hujaweka pancha, hujaweka picha, na watu wanane wakisimama mara moja tu dakika 20 zimekwenda, kuna anayetafuta miwani, kuna aliyeenda kichakani. Hiyo siku ni ya saa nane hadi tisa. Mtu ambaye hajawahi kuvuka 40 umemuua.

Kosa la pili ni kupanga kwa mwendo wa mtu wa kati. Kundi halina mwendo wa kati jamani, kundi lina mwendo wa mtu wa mwisho basi. Wale wa mbele wakifika saa sita mchana na wa mwisho akafika saa kumi, kundi limefika saa kumi. Kwa hiyo kabla hamjagusa ratiba tafuteni jumamosi na jumapili moja, endesheni wote wanane na mabegi yakiwa yamejaa kama mtakavyosafiri, kilomita 45 jumamosi na 45 jumapili, na mpite kwenye kilima walau kimoja. Jumamosi itawadanganya, kila mtu anakuwa na hamu. Jumapili ndo inasema ukweli, angalia yule wa mwisho jumapili mchana anakwendaje, huo ndo mwendo wa safari yenu yote na hesabu zifanyike kwa huo.

Mimi ningekuwa nyinyi zile 400 ningezipunguza. Ningeweka siku ya kwanza 50 kwa sababu siku ya kwanza lazima mchelewe kuondoka na lazima keria ya mtu mmoja ilegee, siku ya pili 70, siku ya tatu 40 tu tena iwe tambarare, ya nne 70, ya tano 55. Jumla 285. Najua huyo aliyechora atalalamika, mwambieni siku fupi ya katikati siyo ya kupoteza, ndo siku mtakayofua nguo, mtakayoangalia breki, mtakayokaa mtoni mkatazama hayo mashamba mliyoyafuata. Ukipita sehemu nzuri huku unahema kichwa kikiwa chini unachokiona ni tairi lako la mbele tu.

Ondokeni mapema, saa 12 na nusu asubuhi miguu iwe kwenye pedeli, lengo mfike saa nane mchana. Sehemu nyingi upepo unaamka ardhi ikishapata joto, na upepo wa usoni ukiwa umechoka ni mlima usioisha. Pia ukipanga kufika saa nane una akiba ya saa nne za mwanga kwa lolote litakalotokea, ukipanga kufika saa kumi na moja huna akiba.

Na mizigo, niruhusu niongeze hapo. Kila mtu asizidishe kilo 10, mabegi yakae chini pembeni ya keria, kushoto na kulia uzito sawa, na ujaribu kunyonga uone kisigino hakigongi begi. Thomas Stevens alipozunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa mbele, mwaka 1884 hadi 1886, alibeba soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo usiku alilifanya hema, na bastola. Bastola acheni. Ila nguo mbili, moja mwilini moja inakauka, zinatosha kabisa kwa siku tano.

SWALI: Kaka safari yetu ya mwisho tulipotezana. Watu sita, wa mbele wakakata kona wa nyuma wakanyoosha, simu hazishiki, tumekuja kukutana usiku tumenuniana. Mnafanyaje nyie?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hilo la kununiana nalielewa maana na mimi nilishawahi kuwa yule wa nyuma aliyenyoosha. Nilikwenda kilomita 14 nikijua wenzangu wapo mbele tu hapo, kila kilima nikisema nikivuka hiki nitawaona. Sikuwaona. Hasira niliyokuwa nayo siku ile haikuwa ya kilomita, ilikuwa ya kuona hakuna aliyegeuka kuniangalia.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji simu. Chagueni mtu wa mbele anayejua njia na mtu wa mwisho ambaye habadiliki siku nzima, awe mzoefu, awe na pampu na vifaa, na avae rangi inayoonekana mbali. Mkifika njia panda mtu wa mbele hasimami, anamwacha yule anayemfuata pale pale kwenye kona, huyo ndo anasimama anaonyesha kwa mkono kila anayekuja, haondoki mpaka amuone mtu wa mwisho kwa macho yake. Siyo mpaka achoke kusubiri, siyo mpaka adhani wote wamepita. Amuone. Halafu anaondoka pamoja naye na kona inayofuata anasimama mwingine. Kwa mtindo huu watu wanaweza kuachana hata kilomita tano na hakuna anayepotea, mwenye mbio anakimbia, wa polepole anakwenda polepole bila kusukumwa na mtu.

Na kingine, mkikutana kwenye kituo msiondoke pale tu wa mwisho anapofika. Hii inauma sana na wenye nguvu hawaioni. Wao wamekaa dakika 25 wamekunywa maji wamenyoosha miguu, yule anafika anatweta, wao wanasema haya twende. Aliyechoka kuliko wote ndo anakosa kupumzika! Kaa hesabu dakika 15 kuanzia yeye aliposhuka, siyo kuanzia wewe uliposhuka.

Mkiendesha kwa karibu pia kuwa makini na gurudumu lako la mbele lisiingie pembeni ya gurudumu la nyuma la mwenzako. Akikwepa shimo ghafla akakugusa, yeye ataendelea na safari, atakayeanguka ni wewe, kwa sababu gurudumu la mbele likisukumwa pembeni huna tena usukani. Achieni nafasi ya baiskeli moja na zaidi, kwenye mteremko achieni nyingi zaidi, na wa mbele aite shimo, mchanga, gari, kwa sauti, kila anayesikia apeleke nyuma.

SWALI: Mama yangu ana miaka 61 na anataka twende naye, ana baiskeli ya umeme. Wenzangu wanasema huko ni kudanganya na eti atatusubirisha betri ichajiwe. Nimwambieje mama?

JIBU: Mwambie karibu sana mama. Dada yangu, safari siyo mashindano, hakuna kombe mwishoni, kwa hiyo neno kudanganya halina pa kukaa. Kuna mtu wa miaka 61 anataka kuona bonde lile lile mnaloenda kuona nyinyi, na moshi hatoi, kelele hapigi. Mimi ningemuomba yeye ndo akae mtu wa mwisho, ana akiba ya nguvu kuliko wote.

Kuhusu betri wana hoja lakini ni hoja ya kupanga, siyo ya kumwacha mtu nyumbani. Betri nyingi zina kama wati-saa 500 (wati-saa ni kipimo cha umeme uliomo ndani yake). Mama na baiskeli na begi wakiwa kilo 110, kuwapandisha mita 1000 tu kunakula karibu wati-saa 300 za nguvu hata hujagusa upepo, sasa akiachia mota ifanye kazi yote mlimani betri inaisha kabla ya mchana, lakini akinyonga nusu na mota ikafanya nusu anafika vizuri. Kwa hiyo afanye mazoezi ya kutumia msaada mdogo sehemu za tambarare, au azime kabisa, msaada mkubwa aweke kwa ajili ya mlima. Na pale mnapolala mpige simu kabla, uliza kama kuna soketi na umeme wa uhakika usiku kucha, usifikirie tu upo. Kama mnafika sehemu ya kuanzia kwa ndege jueni betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, kwa hiyo ya kwake haitapanda, itabidi akodi huko huko.

SWALI: Goti langu la kulia linauma kila nikivuka kilomita 30, na vidole vinakufa ganzi. Nimebakiza wiki tatu, niache?

JIBU: Usiache kwanza, pima siti. Mtu akushikie baiskeli, kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukiendesha kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya mguu goti litabaki limekunja kidogo, ndo inavyotakiwa. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi siti ipo chini au unanyonga gia nzito sana, ya nyuma ya goti mara nyingi siti ipo juu. Badilisha kidogo kidogo, nusu sentimita, uendeshe siku mbili ndo uguse tena. Ganzi ya vidole ni uzito wako wote umelala mikononi, legeza viwiko, hamisha mikono kila dakika kumi, na uangalie kama siti haijainama mbele inakusukuma kwenye usukani. Lakini goti likivimba au likiuma hata umelala, hilo siyo la gazeti, nenda hospitali kabla ya safari.

SWALI: Tubebe tyubu ngapi?

JIBU: Mbili kila mtu, na viraka. Ila cha kwanza uliza kila baiskeli ina rimu gani. Wengi hawajui kwamba zile zilizoandikwa 700C kwenye tairi na zile za inchi 29 ni rimu moja, kipenyo milimita 622, mnaweza kuazimana tyubu ikiwa upana wa tairi unakaribiana, lakini ya inchi 26 ya baiskeli za milimani ni 559, haiingiliani nazo. Angalia na valvu, kuna nyembamba na kuna nene kama ya gari, na pampu yenu iwe inashika zote mbili.

Mkipata pancha msiharakishe kuweka tyubu mpya. Toa tairi, pitisha vidole taratibu ndani yake mzunguko mzima, taratibu usije ukajichoma. Utakuta ncha ya mwiba imejificha kwenye raba, kwa nje haionekani kabisa, kwa ndani imetokeza kama punje ya mchanga. Isukume itoke kwa koleo au hata kwa ncha ya funguo. Halafu ule mwiba utupe mbali na barabara, kuna wenzako saba nyuma.