Kabla hujavaa taji kwenye Crusader Kings, hesabu kwanza watoto wako na walio chini yako

Mie nacheza Crusader Kings III, gemu la kompyuta ambalo unaendesha ukoo wa watawala wa zama za kale na mtawala wako akifa unaendelea na mrithi wake, karibu miaka mitatu sasa, kila siku baada ya isha kwa muda wa saa moja hivi au mbili umeme ukiwepo, na vijana wa mtaani kwetu wanaojua nacheza suali lao ni lile lile, ami, nifanyeje niwe mfalme haraka? Nawajibu kuwa mfalme haraka si kazi, mie mwenyewe nilikuwa mfalme mara ya kwanza ndani ya wiki moja tu. Kazi ni ule usiku mfalme anapokufa.

Nianze na yangu. Nilianza kama wengi wanavyoanza, Ireland mwaka 1066 na yule Murchad wa Munster ambaye gemu lenyewe linakupa ujifunzie. Ana cheo kinachoitwa mfalme mdogo lakini usidanganyike na jina, kwenye ngazi za gemu yule yuko sawa na dyuki. Ngazi ziko hivi, chini kabisa baroni mwenye ngome yake moja (huyu huwezi kumcheza), juu yake mwenye kaunti, alafu dyuki, alafu mfalme, juu ya wote kaisari. Majina yanabadilika kwa utamaduni, ukicheza upande wa Waarabu mwenye kaunti anaitwa sheikh, dyuki anaitwa amiri na mfalme anaitwa sultani, na hapa sisi Wazanzibari tunachanganyikiwa kidogo mwanzoni kwa sababu sheikh kwetu ni mtu wa elimu na heshima yake haitokani na shamba, kumbe mule ndani sheikh ni mwenye ardhi na askari. Ukishazoea kuangalia ngazi badala ya jina mambo yanakaa sawa.

Basi nikateka kaunti moja moja mpaka nikapata zaidi ya nusu ya Ireland, nikatoa dhahabu 500, nikajitangaza mfalme. Raha yake siwezi kuieleza. Nikavuka bahari nikaichukua Wales, na kwa kuwa ardhi imetosha na dhahabu ipo nikaunda na ufalme wa pili, kwani naona fahari mataji mawili. Mfalme wangu alikuwa na watoto wa kiume watatu na mie nikaona ni baraka, nyumba imejaa.

Siku aliyokufa nilikuwa nimekaa na mtoto wa kaka yangu, wakati huo ana miaka 14, anapenda kuangalia ramani. Ikatoka ile taarifa ya kifo, nikabonyeza kuendelea, na yeye akawahi kabla yangu, "Ami, mbona Wales imebadilika rangi?" Nikaangalia, kweli, Wales yote ilikuwa rangi nyingine na jina la mtoto wa pili limeandikwa juu yake, mfalme kamili asiyenijua. Mtoto wa tatu kachukua udyuki mmoja ndani ya Ireland na kaunti zake nzuri zote. Mie nimebaki na mkubwa, kijana wa miaka 19, kavaa taji la Ireland na mkononi ana kaunti mbili. Mbili tu! Askari wake mwenyewe hawafiki hata wa dyuki mmoja aliye chini yake. Miaka sita haikupita madyuki wakaungana, wakaleta madai yao, tukapigana na nikashindwa, na ule mchezo nikaufunga sikuufungua tena.

Ile inaitwa urithi wa kugawana, na wazungu wenyewe waliishi nayo. Wajukuu wa Charlemagne, kaisari wa zamani wa Ulaya, waligawana himaya vipande vitatu kwa mkataba wa Verdun mwaka 843, na gemu ukichagua kulianzia mwaka 867 bado ramani ya Ulaya inaonesha makovu ya mgao ule. Kwa hivo waliotengeneza gemu hawakubuni.

Na sisi wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kulielewa hili. Seyyid Said bin Sultan alitawala huku Unguja na kule Oman kwa pamoja, akafariki baharini mwaka 1856 akiwa njiani kurudi Zanzibar. Mwanawe Thuwaini alikuwa Muscat kule Oman, mwanawe mwengine Majid alikuwa hapa, na Barghash naye alikuwemo kwenye jahazi lile lile la baba yake. Soma kilichofuata kama unasoma gemu, Thuwaini anaitaka Unguja, Barghash anamuasi kaka yake Majid mwaka 1859 anashindwa na kupelekwa Bombay, na mwaka 1861 Waingereza wanakata shauri kwamba dola zigawike mbili na Zanzibar iwe inailipa Muscat reale 40,000 kwa mwaka. Alafu Majid anafariki 1870 na anayekalia kiti ni nani? Barghash yule yule. Nilipomueleza mtoto wa kaka habari hii aliniambia basi ami Seyyid Said naye alikuwa na mataji mawili, na mie nikanyamaza kwa sababu alikuwa kalifahamu somo kabla sijamaliza kulisema.

Sasa ushauri wenyewe. Usiunde ufalme wa pili hata kama una pesa na ardhi, isipokuwa uko karibu kabisa kuwa kaisari. Ukiwa mfalme wa falme mbili ukifa watoto wako wanakuwa wafalme wawili walio sawa na hakuna wa kumtii mwenzake, lakini ukiwa kaisari mtoto wa pili akichukua ufalme anabaki chini ya kaka yake, ndani ya dola moja. Na angalia sheria ya urithi uliyonayo, ile ya mwanzo kabisa ni mbaya kuliko zote kwa sababu inaweza kuunda cheo kipya yenyewe siku ya kifo na kumpa mtoto wa pili hata kama weye hukukiunda, mradi ardhi unayo ya kutosha. Ukipata nafasi ya kuhama kwenda kwenye mgao wa kawaida hama siku ile ile. Urithi wa mtoto mkubwa kuchukua vyote unakuja karne za mwisho za gemu, usiusubiri, wengi hatufiki huko tukiwa wazima.

Kaunti zako mwenyewe ziweke karibu karibu, ndani ya udyuki mmoja ukiweza, kwa sababu mrithi mkubwa ndie anayechukua makao makuu. Fungua ile sehemu ya urithi kila baada ya miaka michache usome nani anapata nini, gemu linakuonesha wazi kabisa, mie kosa langu nilikuwa sijawahi hata kuifungua.

Alafu kuna mavasali, yaani wale watawala wadogo walio chini yako, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa sababu wanawaona kama wafanyakazi. Mtu wa Zanzibar akisikia mtawala mdogo chini ya sultani anafikiria liwali. Liwali aliteuliwa, sultani akichoka naye anamuondoa anamuweka mwengine. Vasali si liwali. Ile ardhi ni yake na mwanawe ataikuta, na ukimnyang'anya bila sababu inayokubalika wenzake wote wanakuandika dhalimu, hata wale usiowagusa, kwa sababu kila mmoja anajiona yeye ndie anayefuata. Mie nikishafahamu hili nikaacha kabisa kunyang'anya vyeo kwa hasira.

Nikitaka kumuelewa vasali mkubwa mie huwafikiria Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, na Seyyid Said. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa kule njia ya Chwaka, na tukipita Dunga kwenye gari alikuwa hapiti bila ya kutuonesha magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu. Lile kasri lilijengwa kati ya 1846 na 1856, maana yake wakati Seyyid Said kashakaa Mjini na meli zake, kule shamba Mwinyi Mkuu bado anajenga nyumba ya kifalme, ana siwa yake, ile pembe ya utawala, na ngoma zake, na chini yake wapo masheha, na kila mji una wazee wake wanne. Sultani hakuyafuta yale siku ya kwanza. Mtu wa mwisho wa ukoo ule kushika cheo kafariki 1873, na hapo ndipo cheo kikaishia. Nasema hivi kwa sababu kwenye gemu vijana wakiteka tu nchi wanataka kuwafukuza wenyeji wote wagawe kwa marafiki, na baada ya hapo wanashangaa kila mwaka kuna uasi. Muache mwenye siwa yake na siwa yake, mradi kodi inakuja na askari wanakuja.

Ila wenye nguvu wape viti. Baraza lako lina waziri, jemadari, msimamizi wa mali, mkuu wa majasusi na mtu wa dini, na mavasali wakubwa wanaona kiti ni haki yao, usipowapa wanachukia sana na chuki ile ndio inayowapeleka kwenye makundi ya kuasi. Najua inauma kumpa ujemadari mtu asiyejua vita huku una mwengine hodari, lakini mie nampa, afadhali jeshi lilegee kidogo kuliko kulala na dyuki mwenye kinyongo. Mkuu wa majasusi tu ndio sigawi kwa cheo, pale namtafuta mtu anayenipenda kweli, kwa sababu asiyekupenda pale atakuuza. Na udyuki usijilimbikizie, ukishika zaidi ya miwili mavasali wanaanza kuhesabu vilivyo mkononi mwako, toa, na toa kwa mtu ambaye mwanawe unamuozesha binti yako.

Jengine dogo ila linaokoa, weka akiba ya dhahabu mfalme akishazeeka. Mrithi anapoingia mavasali hawamjui, kila mtu anamjaribu, ndio wakati wa kutoa zawadi na ikibidi kukodi askari wa kulipwa. Mfalme wangu wa kwanza alikufa hazina tupu kwa sababu nilizitumia zote kwenye lile taji la Wales.

Mtoto wa kaka yangu saivi ana miaka 17 na anacheza mwenyewe, kaanza Ireland pale pale kwa Murchad. Jana usiku kaja na laptopu mpaka barazani kwangu, mfalme wake ana miaka 61 na anaumwa, watoto wa kiume wanne, taji moja tu, madyuki wawili wakubwa wapo barazani kwa mfalme na mmoja ni mkwewe. Kanionesha hazina, dhahabu 430. Ardhi ya Wales anayo kidogo, kaunti tatu, na anaweza kuteka zaidi, vita anaziweza. Nikamuuliza mbona hutekwi na tamaa, akasema "ami nasubiri huyu afe kwanza", akafungua ile sehemu ya urithi akaanza kunisomea jina moja moja nani anapata nini.